Muuaji Anajulikana Tangu Mwanzo: Columbo wa 1968 Katika Milima ya Chai

Mnamo tarehe 20 Februari 1968, televisheni ya NBC ya Marekani iliwaonyesha watazamaji wake filamu ya upelelezi iliyovunja kanuni ambayo watunzi wengi wa hadithi za aina hiyo walikuwa wameishika kwa uaminifu mkubwa. Kwani kabla mpelelezi mwenyewe hajatia mguu mlangoni, mtazamaji alikuwa amekwisha kumwona muuaji uso kwa uso, amemsikia akipanga hila yake, na amemshuhudia akiitimiza. Filamu hiyo iliitwa *Prescription: Murder*, na ndani yake Peter Falk alilivaa kwa mara ya kwanza koti la mvua la Luteni Columbo, afisa wa polisi wa Los Angeles, ambaye masaibu na mafanikio yake yalikuja kuwa mfululizo wa hadithi 69 uliodumu, kwa kukatika na kurejea, hadi mwaka 2003.

Nimeitazama tena filamu hiyo hapa Kericho, katika nyumba iliyozungukwa na chai pande zote, pamoja na majirani wa rika mbalimbali, wengine wakiwa wameiona zamani na wengine hawajapata kulisikia jina la Columbo. Sina haja ya kuisifu kwa sababu ya ukale wake, maana ukale peke yake si fadhila. Ninalotaka kulieleza ni kwamba mpango huu wa kumfunua muuaji mapema, ambao kwa mtu wa mjini waweza kuonekana kuwa mzaha wa mtunzi, kwa watu wa milima ya chai ni mambo ya kila siku. Maana katika vijiji vyetu, kuanzia Kapkatet na Litein hadi Mogogosiek na Silibwet, swali la nani aliyetenda jambo aghalabu hupata jibu kabla ya magharibi ya siku ile ile, na linalobaki, nalo huweza kubaki kwa miaka na miaka, ni swali la namna gani yale wanayoyajua wote yatathibitishwa mbele ya mtu asiyeyajua.

Daktari na hila yake

Kisa chenyewe si kirefu. Daktari Ray Flemming, aliyeigizwa na Gene Barry, ni tabibu wa maradhi ya akili mwenye jina na ukwasi, aliyezoea kuzitazama roho za watu wengine kama fundi anavyoitazama saa iliyofunguliwa mezani. Mkewe Carol, aliyeigizwa na Nina Foch, amechoshwa na nyendo zake na anamtishia talaka ambayo itafuatana na fedheha. Na nje ya ndoa hiyo yuko Joan Hudson, mwigizaji kijana ambaye kwanza alikuwa mgonjwa wa daktari, kisha akawa hawara wake. Flemming anamlaghai mkewe kwa ahadi ya safari ya mapumziko huko Acapulco, Meksiko, na kabla ya safari anamkaba koo kwa mikono yake mwenyewe iliyovikwa glavu, anapanga nyumba ionekane kuwa imevamiwa na mwizi, na anachukua vitu vya thamani ambavyo hatarudi navyo. Joan anavaa nguo za marehemu, anaficha macho kwa miwani ya jua, anapanda ndege pamoja na daktari, na baada ya ugomvi wa kuigiza mbele ya wahudumu anashuka kabla ndege haijaruka, ili Flemming asafiri peke yake akiwa na mashahidi wa kutosha kwamba mkewe alikuwa hai alipoachana naye.

Ni hila iliyosukwa kwa ustadi, na filamu inatupa muda mrefu wa kuistaajabia, kiasi kwamba vijana waliokuwa nasi, waliolelewa na vibanda vya video ambamo filamu za mapigano husimuliwa juu kwa juu na watu kama DJ Afro, walianza kuuliza yuko wapi huyo polisi tuliyeitiwa. Polisi anakuja wakati daktari anarejea kutoka Acapulco. Flemming anafungua mlango, anaingia, anatua mizigo, na kutoka chumba cha ndani anajitokeza mtu mfupi mwenye sauti ya kuomba radhi, ambaye anamwarifu kwamba mkewe alishambuliwa, kwamba hakufa papo hapo, na kwamba yuko hospitalini hajitambui. Carol anafariki baadaye kabla ya kusema neno la kuwafaa wapelelezi, na tangu hapo filamu inakuwa mazungumzo marefu baina ya watu wawili, mmoja akijua kwamba ameua na mwingine akijua kwamba mwenzake anajua.

Nasaba ya Luteni

Ni vyema ikumbukwe kwamba Columbo hakuzaliwa siku ile ya Februari. Watunzi wake, Richard Levinson na William Link, walikuwa marafiki tangu ujana wao mjini Philadelphia, na mwaka 1960 walikuwa wamekwisha kumtoa kwenye mchezo mfupi wa televisheni ulioitwa *Enough Rope*, ambamo mwigizaji Bert Freed alikuwa Luteni wa kwanza. Mwaka 1962 kisa hicho kikapanuliwa kuwa mchezo wa jukwaani, Joseph Cotten akiwa daktari na Agnes Moorehead akiwa mkewe, na nafasi ya Luteni akapewa mzee Thomas Mitchell, mwigizaji mwenye tuzo ya Oscar, ambaye alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo. Watunzi walikusudia daktari ndiye awe mhimili wa mchezo, na polisi awe mtu wa pembeni. Lakini hadhira ilimpenda yule wa pembeni, na mapenzi ya hadhira yakishaelekea mahali, mtunzi mwenye busara hayazuii. Ilipofika zamu ya televisheni walifikiriwa Lee J. Cobb na Bing Crosby, watu waliomzidi Falk kwa umri, ambaye alikuwa na umri wa miaka 40 tu. Na hata baada ya filamu ya 1968 kupendwa, ilibidi itengenezwe ya pili ya majaribio, *Ransom for a Dead Man*, mwezi Machi 1971, ndipo mfululizo wenyewe ukaanza Septemba ya mwaka huo kwa hadithi iliyoongozwa na kijana aliyeitwa Steven Spielberg.

Mtindo wa kuanza na muuaji nao una wazee wake. Mwingereza R. Austin Freeman aliufanyia jaribio katika kitabu chake *The Singing Bone* cha mwaka 1912, na kabla yake Mrusi Dostoyevsky alikuwa ameandika riwaya ambayo msomaji anashuhudia mauaji mapema, kisha anamtazama hakimu mpelelezi Porfiry Petrovich akimzunguka mkosaji kwa adabu na maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Na watunzi wa Columbo wenyewe walikiri kwamba Luteni wao ana deni kwa Porfiry.

Kwetu Afrika Mashariki mlango wa hadithi za upelelezi ulifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye riwaya yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, mwaka ule ule ambao Columbo wa kwanza alionekana Marekani. Mpelelezi wake Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, alifuata njia ya Sherlock Holmes: siri hufungwa kwa kufuli tangu ukurasa wa kwanza, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mpelelezi hadi mwisho. Mauaji yanatokea mahali pa mzimu, watu wanahofu kwamba wahenga wameghadhibika, na kazi ya Bwana Msa ni kuitoa akili katika hofu na kuirudisha kwenye hoja. Hapo hawa wawili wanakutana japo njia zao ni mbalimbali, kwa sababu Bwana Msa anapigana na yale ambayo watu wanayaamini bila kuyajua, na Columbo anapigana na yale anayoyajua bila kuweza kuyathibitisha.

Koti la mvua mahali penye mvua

Kuna utani katika filamu hii ambao ulipotea njiani kabla ya kufika Kericho. Los Angeles ni mji wa jua, na mtu anayetembea humo na koti la mvua ni kichekesho kabla hajafungua kinywa. Falk alilinunua koti hilo mwenyewe mjini New York kwa sababu mvua ilimkuta njiani, na akaona litamfaa Luteni. Lakini hapa petu, kwenye kimo cha mita zipatazo elfu mbili juu ya bahari, ambapo mawingu ya upande wa Ziwa Viktoria hukutana na vilima karibu kila alasiri na kumwaga mvua ambayo wakati mwingine huja na mawe ya kupasua majani ya chai, mtu aliyevaa koti kuukuu la mvua ni mtu aliyeitazama mbingu asubuhi na akafikiri sawasawa. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekuwa nasi, aliyefanya kazi ya karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai kabla ya kustaafu, alimtazama Luteni akiingia kwenye ofisi ya daktari, akasema, "Huyu ametoka mbali, na hana gari." Katika filamu hii ya kwanza hasa gari lake mashuhuri, Peugeot 403 la kukwaruzwa, bado halijaonekana; nywele zake zimechanwa vizuri kuliko zitakavyochanwa baadaye, na upole wake una makali ambayo miaka iliyofuata iliyafunika.

Mzee huyo ndiye aliyenifanya niitazame upya dalili moja ambayo zamani niliipita bila kuitilia maanani. Luteni anakwenda kuulizia kwenye shirika la ndege na anagundua kwamba mizigo ya daktari ilipungua uzito baina ya kwenda na kurudi, pauni kadhaa zikiwa zimebaki Meksiko. Kwa watu wengi hilo ni jambo la kuhesabika tu. Lakini watu wa Kericho na Bomet ni watu wa mizani. Mkulima wa shamba la nusu ekari huchuma majani mawili na chipukizi lake tangu alfajiri, huyabeba mgongoni hadi kituoni, husimama kwenye foleni, humwaga majani juu ya meza ili yakaguliwe kama hakuna yaliyokomaa mno au yaliyolowa, kisha huutazama mzani kwa jicho lisilopepesa mfuko unapotundikwa, uzito wa mfuko unapoondolewa, na kilo zinapoandikwa kwenye risiti. Na kwa risiti hizo hizo ndipo atakapojua, siku ya bonasi, kama karo itatimia au haitatimia. Tangu mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ambayo leo ni kampuni ya KTDA, ilipoundwa mwaka 1964, vizazi vizima vimelelewa na elimu hii: kwamba uzito hauna upendeleo, na pungufu lolote lina mahali lilikokwenda. Luteni alipoutaja uzito wa mizigo, mzee alijiegemeza kitini na kusema, "Mwalimu, huyo ningempa kituo akiendeshe kesho."

Nyumba isiyoitwa

Dalili nyingine ambayo ilipokelewa kwa kelele ilikuwa ya namna tofauti. Columbo anamweleza daktari, kwa ule mtindo wake wa kujikuna kichwa na kuomba asamehewe kwa kusumbua, kwamba kuna kitu kidogo kinachomkera: siku ile daktari aliporejea kutoka safari aliingia ndani na hakumwita mkewe. Yeye Columbo, anasema, akifika nyumbani huita. Daktari ana jawabu, kama alivyo na jawabu la kila kitu, kwani yeye na mkewe walikuwa wamegombana. Lakini majawabu yake yana kasoro moja inayoyaharibu yote, nayo ni kwamba yako tayari mno.

Mama mmoja jirani hakungoja jawabu hilo. Mtu aliyetoka safari ya siku kadhaa, alisema, huanza kuita akiwa bado langoni, hata kama waliachana kwa maneno makali, na zaidi hasa kama waliachana kwa maneno makali, ili ajue anapokelewa kwa uso gani. "Huyo hakuita kwa sababu alijua nyumba ina nini," alisema, na akawageukia vijana kana kwamba anawaonya. Sisi ambao tumelelewa katika adabu ya kubisha hodi na kuitikiwa karibu, na ambao katika boma la Kipsigis tulifunzwa kwamba mgeni hujitangaza kwa maamkizi kabla hajaonekana, hatukuhitaji kuelezwa uzito wa ukimya ule. Kwa Columbo ni dalili iliyotokana na uchunguzi. Kwetu ilikuwa ni utovu wa adabu, na utovu wa adabu huonekana upesi kuliko jinai.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini filamu hii inafahamika kwa urahisi namna hii mahali palipo mbali na pale ilipotungwa. Upelelezi wake hauna maabara wala bastola, bali umejengwa juu ya ada za nyumbani: namna mtu anavyoingia kwake, namna anavyobeba mizigo, namna mke avaavyo na ambavyo nguo zake hutunzwa na kusafishwa. Huku kwetu zamani mwizi wa ng'ombe alikuwa akijulikana kwa mambo ya aina hiyo hiyo. Wazee wa Bureti na Sotik waliijua sanaa ya kufuata nyayo za mifugo iliyoibwa hadi boma zilikokomea, na serikali ya kikoloni, ilipoona kwamba maboma hayo hayatoi jina la mtu, ilitunga mwaka 1909 sheria ya adhabu ya pamoja, ambayo kwayo jamii nzima iliweza kutozwa mifugo kwa ajili ya kosa la mmoja wao. Dhulma ya sheria ile ilikuwa katika kuruka hatua moja tu ya hoja: ilikubali kwamba wengi wanajua, ikaona kwamba haiwezi kumthibitisha mmoja, ikawaadhibu wote. Mtu aliyelipa ng'ombe kwa kosa la jirani hakuhitaji kuambiwa tofauti iliyopo kati ya kujua na kuthibitisha.

Mkubwa na mdogo

Katikati ya filamu kuna mazungumzo ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini chake. Daktari, akiwa ofisini kwake na glasi mkononi, anampima Columbo kitabibu na kumwambia usoni kwamba uzembe wake ni wa kuigiza, kwamba anajifanya mjinga ili watu wamdharau, na kwamba dharau hiyo ndiyo silaha yake. Columbo hakatai. Wanaanza kumzungumzia muuaji wa kufikirika, kama watu wawili wanaojadili hali ya hewa, na Luteni anatoa hoja ambayo sijaisikia ikishindwa: kwamba muuaji wa aina hii, hata awe na akili ya namna gani, anafanya kazi hiyo mara moja tu maishani na hana nafasi ya kujifunza, ilhali polisi anaifanya yake mara nyingi kila mwaka. Mkubwa kwa elimu anajikuta ni mwanafunzi wa siku ya kwanza mbele ya mtu asiye na cheo cha kutisha.

Kabla ya hapo daktari alikuwa amejaribu njia iliyozoeleka zaidi, ya kumtumia sahibu yake aliye katika ofisi ya mwendesha mashtaka ili Columbo aondolewe kwenye kesi. Waliokuwa wamekaa katika chumba chetu, ambao wengi wao wamefanya kazi au wamezaliwa katika kambi za mashamba makubwa ya chai, hawakuhitaji maelezo. Mashamba yale yaliyoanzishwa na makampuni ya Waingereza katika miaka ya 1920, na ambayo yamebadilisha wenyewe mara kadhaa katika miaka ya karibuni, yalijengwa kwa ngazi: nyumba ya meneja juu ya kilima na bustani yake, nyumba za makarani chini kidogo, za wanyapara, kisha safu za nyumba za wachumaji; na kila mtu alijua ni mlango upi anaoweza kuubisha na ni upi wa kuuzunguka. Kumwona polisi wa koti kuukuu akiingia kwa mlango wa mbele kwenye nyumba ya mkubwa, akaketi bila kukaribishwa mara mbili, akaaga, akafika mlangoni, kisha akageuka kusema amesahau kuuliza jambo moja dogo, ni raha ambayo watazamaji wa kila mahali wameipata. Lakini mtu aliyekua katika kambi huipata kwa ukamilifu wake, kwa kuwa anajua kadiri ya ujasiri unaohitajika ili mtu mdogo arudi kwenye mlango ambao amekwisha kuagwa.

Zamani, umeme ulipokuwa haujafika kwenye vijiji vingi, watu walitazama michezo ya namna hii katika kumbi za mashamba, au katika nyumba ya jirani aliyejaliwa kuwa na ile televisheni ndogo ya Great Wall isiyo na rangi, iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Na betri ilipoanza kufifia, picha ilijikunja kutoka pembeni hadi ikawa kitu cha ukubwa wa kiganja, watu wakimalizia hadithi kwa kusikiliza. Katika michezo ya bunduki hasara hiyo ilikuwa kubwa. Katika mchezo kama huu isingalikuwa na hasara yoyote, maana vita vyote vimo katika maneno.

Pale Luteni alipopotoka

Lakini insafu inataka tuseme na la upande wa pili. Akishindwa kumpata daktari, Columbo anamgeukia Joan, ambaye ndiye kiungo dhaifu, na katika tukio moja anamfokea kwa ukali ambao Columbo wa miaka ya baadaye hangeufanya: anamwambia waziwazi kwamba atamfuata, atamwandama, hatampa usingizi hadi avunjike. Chumba chetu kilinyamaza. Wakenya wengi waliopita mikononi mwa polisi, au walio na ndugu waliopita, wanaijua sauti ile, na hawaioni kuwa mchezo. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 49, inampa mtu aliyekamatwa haki ya kunyamaza na inakataza alazimishwe kukiri. Na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, haiyakubali maungamo ila yakiwa yametolewa mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachostahiki ambaye si mpelelezi wa kesi ile, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya kuwafurahisha wakosaji. Ilitungwa kwa sababu tunazozikumbuka.

Kisha unakuja mtego. Daktari anaaminishwa kwamba Joan amejiua kwa kuzama katika bwawa la kuogelea, na kwa kuwa shahidi wa pekee ameondoka, anajiona yuko huru, anafungua kinywa, anamweleza Luteni kwamba huyo binti hakuwa na thamani kwake, na kwamba siku yake ya kuondolewa nayo ingekuja. Ndipo Joan anapojitokeza akiwa hai, baada ya kuyasikia yote. Tukiyatazama mambo hayo kwa macho ya mahakama yetu, maneno ya daktari mbele ya mpelelezi hayangeweza kumtia hatiani kama maungamo, na wakili yeyote wa Kericho angeyabomoa kabla ya saa nne asubuhi. Thamani ya mtego haimo katika maneno ya daktari, imo katika masikio ya Joan: mwanamke aliyesema uongo kwa ajili ya mapenzi amesikia bei yake, na sasa yuko tayari kusema kweli.

Filamu inakoma hapo, nayo ina haki ya kukoma, kwani televisheni ya Marekani ya wakati ule ilimlipa mpelelezi kwa kumkamata mtu na haikumlipa kwa kumfunga. Kwetu, hapo ndipo kesi inapoanza kuwa ngumu. Joan wa Kericho anapaswa kurudi nyumbani akaishi karibu na ndugu za mtu atakayemshtaki, anunue unga katika duka lile lile, asikie wazee wakimshauri kwamba yaliyopita si ndwele, asubiri tarehe ya kesi iliyoahirishwa, kisha nyingine. Bunge letu lilitambua uzito huo lilipopitisha Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi mwaka 2006, lakini sheria haiwezi kusimama kizimbani badala ya mtu. Ni mara ngapi kijiji kizima kimejua, na kesi ikafa kwa sababu mmoja aliyeona amesema siku ya ushahidi kwamba hakuona vizuri? Na ni mara ngapi, kinyume chake, kijiji kimejitapa kwamba lisemwalo lipo, kikamhukumu mtu kwa uvumi, na baadaye ikadhihirika kwamba hakuwapo kabisa? Magonjwa haya mawili yana tiba moja, nayo ni ile ya mizani ya kituoni: kila jambo lipimwe wazi, mbele ya mwenyewe, na uzito wa mfuko uondolewe kabla ya hesabu.

Kwa hiyo ningependa kuwashauri waandishi vijana wa michezo ya televisheni, ambao wanao vifaa na vyombo vya kurushia kuliko alivyokuwa navyo mtu yeyote wa zama za Bwana Msa, kwamba kama wanatafuta hadithi ya upelelezi ya milima hii wasijisumbue kuficha jina la muuaji. Wamtaje katika dakika ya kwanza, kama walivyofanya Levinson na Link, kisha wamfuate yule mwanamke aliyetoka kwenye ukingo wa bwawa: alfajiri anapopanda matatu ya kutoka Litein kwenda mahakamani, ameketi kiti kimoja na shemeji ya mshtakiwa, wote wawili wakijua wanakokwenda, na safari ikiwa ya nusu saa.